Geji gani, marisau gani ya kuwindia njiwa? Kwa ndugu wa Malindi na Lamu mnaoalikwa Texas mwezi wa tisa

MwanaSabaki (#1)

Assalam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Kila ikifika Agosti napigiwa simu na vijana wa nyumbani. Wa Barani, wa Ganda, mwaka jana hata mmoja wa Langoni, Lamu. Swali lao ni moja: "Ami, nimealikwa kuwinda njiwa, nitumie bunduki gani?" Nimelijibu kwenye simu mpaka nimeona bora niandike hapa kwa urefu, kila mtu asome kwa nafasi yake. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, niko katikati ya Texas mwaka wa 11 sasa, naendesha lori, na misimu tisa nimewinda njiwa na majirani zangu wa huko. Wakati huu niko nyumbani likizo. Naandika nikiwa barazani kwa mamangu, na tetere wanalia kwenye mwarobaini hapo nje.

Kwanza kabisa: haya ni ya huko, si ya hapa. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imesema wazi kwamba kuwinda kwa starehe ni kosa. Tetere wa Kakuyuni na hua wa Hindi waacheni walipo. Naandika kwa anayekwenda mahali ambapo njiwa ana msimu, ana leseni na ana hesabu yake. Kaskazini na katikati ya Texas msimu hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Mtu mmoja njiwa 15 kwa siku, basi. Saa za kufyatua ni tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka linapotua. Bunduki haitakiwi kubeba zaidi ya risasi tatu kwa jumla, kwa hiyo zile za kujirudia hutiwa kizibo ndani ya bomba la risasi. Askari wa wanyamapori akikukuta shambani, kizibo hicho atakikagua kwa mkono wake.

Na nyinyi wa viza, sikilizeni sana hapa. Aliyeingia Marekani kwa viza ya kutembea au ya masomo, sheria ya nchi nzima inamkataza kushika bunduki, hata risasi moja, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji. Leseni kwanza, ndipo ushike bunduki, hata kama ni ya shemeji yako na yeye mwenyewe amesimama ubavuni kwako.

Sasa jibu langu kwa anayeanza: geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), risasi yenye gramu 25 za marisau, yaani zile chembe ndogo zilizomo ndani yake, namba 7½ au 8 (namba ikipanda chembe inapungua), choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu, iwe ya mbano mdogo, na usifyatue kwa njiwa aliye mbali zaidi ya mita 27 au 28. Hiyo ni hatua thelathini na kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na wa kuniambia hivi. Nilikwenda dukani, muuzaji akanipa geji 12 na risasi nzito za gramu 35, marisau namba 6, ambazo watu hupigia ndege wakubwa. Akaniambia kubwa ndiyo bora. Nikaamini. Asubuhi ile nilifyatua maboksi mawili, risasi 50. Kufika ya kumi bega lilikuwa linawaka moto, kufika ya ishirini nilikuwa nafumba macho kabla hata sijavuta kifyatulio, na mwili wenyewe ulikuwa unarudi nyuma kabla ya mlio. Nilipata njiwa wanne. Wengine wawili niliona manyoya yakiruka, nikawaona wakishuka kwa mbali kwenye vichaka. Vile vichaka vya huko ni jamaa wa mathenge wetu wa Tana River, miiba hiyo hiyo. Niliwatafuta mpaka saa tano za asubuhi. Sikuwapata. Njiwa wale wawili hawajanitoka moyoni, na ndio sababu kubwa ya uzi huu.

Njiwa wa kule ana uzito wa gramu 120 hivi, sawa na mayai mawili ya kuku. Mifupa yake ni myembamba, manyoya yake hutoka kwa kuguswa tu. Chembe tatu nne za marisau zikimfika mwilini ameanguka. Hahitaji nguvu, anahitaji chembe zimfikie, na zimfikie zikiwa zimesambaa sawasawa bila matundu katikati.

Kasa_wa_Mida (#2)

Ahsante ami. Ndio mimi wa mwezi wa tisa, mwanao wa Gede. Nina swali la mtu asiyejua kitu: mbona geji 20 ni ndogo kuliko 12? Si ingekuwa kinyume?

MwanaSabaki (#3)

Swali zuri, mwanangu.

Chukua ratli moja ya madini ya risasi, gramu 453. Igawe vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa. Upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu wa geji 12, milimita 18.5. Ratli hiyo hiyo ukiigawa vidonge 20, kila kimoja kinakuwa kidogo, milimita 15.6, na hiyo ndiyo geji 20. Ukiigawa 28 unapata milimita 14. Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unapungua. Ile wanayoiita .410 peke yake haifuati hesabu hii, hiyo ni upana wa mtutu kwa inchi, milimita 10.4.

Sasa hesabu ya chembe. Gramu 28 za marisau namba 8 ni kama chembe 410. Namba 7½ ni chembe 350, kwa sababu kila chembe ni nene kidogo. Namba 6 ni 225 tu, na ndiyo niliyouziwa mimi. Geji 12 ya kawaida hubeba gramu 28 au 32. Geji 20 hubeba 25, maana yake chembe 359 za namba 8. Geji 28 hubeba 21, chembe 307. Na .410 fupi hubeba 14 tu, chembe 205.

Angalia kutoka 12 ya gramu 28 mpaka 20 ya gramu 25: umepoteza chembe hamsini tu, lakini bunduki ni nyepesi kwa karibu nusu kilo na teke lake ni la upole ikiwa risasi zenyewe ni za kawaida. Mwenye teke la upole hafumbi macho, na mwenye macho wazi anapiga. Geji 12 si mbaya. Kama ndiyo unayoazimwa, itumie, ila mwambie mwenyewe unataka risasi nyepesi za gramu 28, si zile za bata.

Mbio za risasi zisikushughulishe. Boksi likisema mita 360 au 370 kwa sekunde kutoka mdomoni, inatosha kabisa. Zile za kasi sana huongeza teke na mara nyingi huharibu mtawanyiko.

Mwanapwani_Faza (#4)

Mimi asili yangu Faza, naishi Uingereza. Naongeza moja tu: namba za marisau hazifanani kila nchi. Namba 7 ya Uingereza ni milimita 2.4, ambayo ndiyo 7½ ya Marekani. Ukisoma namba peke yake utakosea. Soma milimita, zimeandikwa ubavuni mwa boksi. Huku tunapiga njiwa wa msituni, wakubwa mara nne ya wa Texas, ndiyo maana tunatumia geji 12 na namba 6 ya huku.

MwanaSabaki (#5)

Sahihi kabisa, kaka. Kwa namba za Marekani kuna njia ya kukumbuka: toa namba katika 17, unapata upana kwa mia za inchi. Namba 8: 17 toa 8 ni 9, basi ni 0.09 ya inchi, yaani milimita 2.29. Namba 7½ ni 2.41.

Nije kwenye choki, maana hapa ndipo watu wengi hupotea.

Mnajua mtu anavyorusha kimia pale mdomo wa Sabaki maji yakipwa. Kimia kikifunguka vizuri kinaanguka duara kamili, samaki wote waliomo chini wamo. Ukikirusha vibaya kinaanguka kimekunjana upande mmoja, au kinafunguka mapema mno na nguvu imekwisha. Marisau ni vile vile. Yanatoka mtutuni yamefungamana kama ngumi, kisha yanafunguka njiani. Choki ni mbano pale mdomoni mwa mtutu unaoamua yafunguke mapema au yachelewe.

Kipimo chao ni duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36.5. Mtutu usiobanwa kabisa huingiza humo kama asilimia 40 ya chembe. Mbano mdogo, huo wenye herufi IC, asilimia 50. Mbano wa kati 60. Mbano kamili 70. Mtu akisikia 70 anaikimbilia hiyo. Lakini kwa njiwa wa mita 20, mbano kamili bado ni ngumi: ama umkose kabisa, ama umpate na nyama yote isagike. Mimi natumia mbano mdogo msimu mzima. Siku za upepo, njiwa wakipita juu zaidi, wenzangu hutia wa kati. Mimi siku hizo nasubiri wanaoshuka.

Na kabla ya kwenda shambani, ipige bunduki yako kwenye karatasi. Nunua karatasi pana ya kufungia mizigo, itundike, rudi mita 27, lenga katikati, fyatua mara moja. Badilisha karatasi, rudia, hata mara tatu kwa kila aina ya risasi. Kisha chora umbo la njiwa kwenye kadibodi, ukate, ulipitishe juu ya karatasi. Pale ambapo kadibodi inakaa bila kugusa matundu matatu, pale njiwa angepita mzima au angeondoka na jeraha. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, choki moja, risasi za boksi moja, na bado karatasi zao hazifanani. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Bi_Shela (#6)

Ami, na sisi wanawake? Mume wangu yuko huko na amesema mwaka huu twende pamoja. Mimi ni mwembamba, kilo 52. Watu wameniambia nichukue .410 kwa sababu haina teke.

MwanaSabaki (#7)

Bi Shela, waliokwambia wanakutakia mema, lakini usiichukue .410. Teke ni dogo kweli, ila chembe ni 205 tu, na mkono usiozoea utajeruhi zaidi ya utakavyoangusha. Hiyo ni ya mtu aliyepiga miaka mingi na anayejua kujizuia. Chukua geji 28 kama utaipata, gramu 21, teke lake unalisikia kama mtu anakusukuma kwa kiganja. Ubaya wake ni risasi kuwa ghali na hazipatikani kila duka. Kule Córdoba, Argentina, ambako watu hufyatua mamia ya risasi kwa siku moja, 28 na 20 ndizo zinazopendwa, na sababu ni bega hilo hilo.

Kama 28 haipatikani, geji 20 inayojirudia kwa gesi. Gesi ikitumika kusukuma mtambo, teke linalokufikia begani linapungua.

Lakini kuliko geji, angalia kitako. Kitako kirefu kikikuzidi mkono, kitashika kwapani badala ya begani na utaumia hata kwa risasi ndogo. Bunduki ikikukaa, ukiipandisha macho yamefumbwa kisha ukafumbua, unajikuta unatazama juu ya mtutu moja kwa moja, shavu limelala juu ya mbao. Ijaribu hivyo dukani, ikiwa tupu, na uhakikishe kwa macho kwamba ni tupu.

Mwanagenzi_Mkomani (#8)

Assalam aleikum. Hakuna aliyeuliza na mimi nitauliza: nyama yake ni halali? Marisau hayana makali. Tulisomeshwa Lamu kwamba kilichokufa kwa kupigwa na kitu kizito ni kama kilichokufa kwa rungu.

MwanaSabaki (#9)

Wa aleikum salaam. Nilikuwa nalisubiri, na nakushukuru. Mimi si mwanachuoni, nitasema ninavyofanya, mwenye elimu anisahihishe.

Maalim_wa_Pate (#10)

Nitachangia kidogo. Suratul Maida aya ya tatu imetaja mauquudha katika vilivyoharamishwa, mnyama aliyekufa kwa kipigo. Na Adiy bin Hatim, Allah amridhie, alimuuliza Mtume s.a.w. kuhusu mi'radhi, fimbo ya kurushia windo. Akajibiwa kwamba ikipiga kwa makali yake, ale, na ikipiga kwa ubavu ikaua, asile, kwani huyo ni wa kipigo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wa zamani walishika hapo: kinachouawa na kidonge cha mviringo bila kuchinjwa hakiliwi. Baadaye, bunduki zilipoenea, wengi wa wanazuoni waliona risasi inatoboa na kupenya, si kama jiwe linaloponda, wakaruhusu kwa sharti la Bismillahi wakati wa kufyatua. Ikhtilafu ipo, na kila mmoja ana hoja yake.

Lisilo na khitilafu ni hili: ukimkuta yu hai, uhai wa kweli, huna njia ila umchinje. Na akianguka majini akafa humo, muache, kwa sababu hujui kilichomuua ni kipigo chako au maji. Hilo pia limo katika hadithi za Adiy.

MwanaSabaki (#11)

Jazakallahu kheri, maalim.

Mimi nimeshika la tahadhari. Kisu kidogo kikali kiko mfuko wa kushoto, kushoto kila siku, mkono ukakijua bila macho. Njiwa akianguka simsubiri wa pili. Naweka risasi nje, bunduki wazi, nakwenda mbio pale pale alipoangukia. Wengi huwakuta hai. Unamshika, kiganja kimoja kinamzunguka mwili mzima, moyo unakwenda kasi kama saa iliyojazwa, jicho jeusi linakutazama. Manyoya ya koo unayapuliza kidogo yafunguke, Bismillahi Allahu Akbar, kisu kinapita mara moja. Ni sekunde chache, na sijawahi kuzizoea, wala sitaki kuzizoea.

Waliokufa kabla sijawafikia nawapa majirani zangu, familia ya Kimeksiko, na wanahesabiwa katika 15 zangu kama wengine. Sheria haimruhusu mtu kumuacha aliyemuangusha bila kujitahidi kumtafuta, na hata isingesema, ingekuwa ni israfu.

Na ndiyo maana sipigi njiwa juu ya bwawa wanakokunywa maji jioni. Wenzangu wananishangaa, kwa kuwa hapo ndipo wanapojaa. Sasa mna jibu la maalim.

Mnaona basi kwa nini nasema mita 27. Njiwa anayepigwa karibu anaanguka karibu, unamfikia. Anayepigwa mita 45 anapata chembe moja ya bawa, anaelea mpaka shamba la pili.

Mzee_wa_Dungu (#12)

Wanangu, salamu kutoka Mambrui. Mimi bunduki hiyo sijaishika maishani mwangu. Lakini utoto wangu wote nilikaa dunguni nikiamia ndege, mpunga na mtama wa marehemu baba, na teo mkononi tangu alfajiri. Teo tulitupa kuwafukuza, ila mara moja moja jiwe humpata. Nitawaambia tulichokijua: ndege humpigi alipo, wampiga aendapo. Ukilitupa jiwe kwake, likifika yeye keshapita. Jiwe litupe mbele, kwenye hewa tupu, na yeye ndiye alifuataye jiwe. Tena mkono haukomi. Mtoto aliyekomesha mkono ili atazame, jiwe lake lilianguka nyuma siku zote.

MwanaSabaki (#13)

Shikamoo mzee. Umesema kwa maneno machache kitu kilichonichukua misimu miwili.

Njiwa akipita kwa kilomita 70 kwa saa, na huyu huweza kufika karibu 90 akiamua, katika muda marisau yanaosafiri mita 27 yeye amekwenda karibu mita 1.8. Yaani kwa njiwa anayekukata ubavuni unaweka mdomo wa mtutu karibu mita mbili mbele yake, na unafyatua mtutu ukiwa bado unakwenda. Anayekuja moja kwa moja usoni kwako au anayeshuka kutua anahitaji kidogo sana. Mwanzoni wachague hao. Kaa umeegemea kichaka au bua la alizeti, usisimame mapema, usiinue uso kila saa. Uso wa mtu unawaka juani na njiwa anauona.

Na usifyatue chini. Njiwa aliye usawa wa kichwa cha mtu muache, awe mzuri vipi. Hujui nani yuko upande wa pili wa alizeti. Fyatua pale tu unapoona mbingu nyuma yake.

Mzee, Allah akupe umri.

Kasa_wa_Mida (#14)

Shikamoo mzee, na ami ahsante. Shemeji ana bunduki mbili, 12 na 20. Nibebe risasi za zote?

MwanaSabaki (#15)

HAPANA, mwanangu. Soma hii mara mbili.

Risasi ya geji 20 ikitiwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa 12 haikwami mlangoni. Inateleza, inapita chemba, pale risasi inapokaa, inasimama mbele kidogo ndani ya mtutu, huioni. Wewe unafyatua, kimya. Unadhani hukutia kitu, unatia ya 12 nyuma yake, chemba inaipokea vizuri, unafyatua. Mtutu unapasuka, na mkono wako wa kushoto ndio ulioshika hapo. Kwa sababu hiyo hasa maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya manjano, ili jicho lipige kelele.

Msimu wangu wa nne nilikuwa nimebadilisha bunduki baada ya chakula, kutoka 20 kwenda 12. Koti lile lile. Nilikuwa natia risasi huku natazama juu, na kidole gumba kikahisi kitu chembamba. Nikatazama: ya manjano, imeshaingia nusu. Nikakaa chini. Sikufyatua tena siku ile. Tangu hapo koti moja ni la geji moja, na nikibadilisha bunduki nakung'uta mifuko yote nje, juu ya kitambaa, naihesabu.

Ya pili: angalia urefu uliochorwa ubavuni mwa mtutu. Ukisema milimita 70, inchi 2¾, usitie ya 76, hata kama inaingia. Inaingia kwa sababu haijafunguka; ikifunguka haina nafasi.

Na ukirudi nyumbani, kagua begi lako uzi kwa uzi. Isibaki hata risasi moja iliyosahaulika mfukoni, hata ganda tupu la kumbukumbu. Uwanja wa ndege si pa kuanza kujieleza.

Bi_Shela (#16)

Na hiyo madini ya risasi tunaila? Nina mtoto mdogo.

MwanaSabaki (#17)

Bi, una haki kuuliza. Madini ya risasi ni sumu, na kwa mtoto zaidi. Ukisafisha nyama, tafuta kila tundu. Chembe inapoingia huvuta manyoya ndani, kwa hiyo ukiona kishungi cha unyoya kwenye kidari kilichonyonyolewa, fuata hapo kwa ncha ya kisu, chembe iko mwisho wake. Kata na nyama iliyopondeka kandokando. Mtoto kama huyo mimi nisingempa kabisa njiwa aliyepigwa kwa risasi ya madini hayo.

Dawa yake ni marisau ya chuma. California wamelazimisha marisau yasiyo ya madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu 1 Julai 2019, na kwa bata ni sheria ya nchi nzima tangu 1991. Chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo panda saizi: kama ulitumia 7½ au 8, tumia chuma namba 6 au 7. Chuma hakifinyiki, kinafungamana zaidi, basi mbano mdogo unatosha kabisa. Usikitie kwenye bunduki ya zamani ya babu wa mtu, mtutu wake haukutengenezewa.

Kuna sababu nyingine iliyonigeuza mimi. Njiwa hula chini, anaokota mbegu na vichanga vya kusagia chakula tumboni. Chembe ya namba 8 chini ya alizeti inafanana na mbegu. Anaimeza, inasagika ndani yake, inamuua polepole, huyo ambaye hata hakupigwa. Shamba letu tumelipiga misimu tisa mahali pale pale. Tangu msimu wa juzi natumia chuma, na karatasi yangu ya chuma namba 7 kwa geji 20 ni nzuri kuliko ya risasi iliyotangulia.

Kasa_wa_Mida (#18)

Assalam aleikum wote. Niko Texas, leo tarehe 2 Septemba. Narudisha jibu.

Ami, karatasi niliipiga Jumamosi iliyopita. Geji 20 ya shemeji, mbano mdogo, mita 27. Boksi la kwanza, namba 8, lilikuwa na tundu juu kushoto ambalo kadibodi yangu ilipita bila kuguswa, mara mbili kati ya tatu. Boksi la pili, chuma namba 7, lilijaa duara zima. Shemeji mwenyewe alishangaa, anasema ameitumia ile ya kwanza miaka mitano.

Jana tulikaa ukingo wa alizeti. Risasi 31, njiwa 7. Nane tisa za mwanzo zote zilipita nyuma yao, mpaka nikakumbuka mkono wa mzee haukomi. Watano nimewawahi nikawachinja. Wawili wamekwenda kwa jirani.

Mmoja aliangukia ndani ya mabua ya mtama. Sikumuona alipofikia, nilikuwa nimeweka jicho kwenye bua moja lililovunjika, nikaliendea hilo hilo. Nilizunguka kama robo saa. Alikuwa amejibana chini ya jani, kimya, rangi yake na ya udongo ni moja. Nilimuona jicho tu.

Mzee_wa_Dungu (#19)

Alhamdulillah. Mmempikaje?

Kasa_wa_Mida (#20)

Shikamoo mzee. Wa kupaka, kwa nazi ya kopo kwa kuwa ya kukuna huku sikuipata. Vidari tulivikagua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Kimoja kilikuwa na kishungi cheupe cha unyoya. Dada alikifuata kwa ncha ya kisu, na chembe ilikuwa pale, mwisho wake.